Nani Alichukua Maziwa

Adeer wangu, mdogo wa marehemu baba, aliniita baada ya swala ya Alasiri akaniambia nitampeleka dada yangu Hulugho, karibu na mpaka wa Somalia. Hakuniuliza kama nina nafasi. Kwake yeye, mwanamume wa miaka arobaini na kitu asiye na duka, mifugo wala ofisi ana nafasi siku zote.

"Ile barabara, adeer," nilisema.

"Barabara imefanya nini?"

"Unajua imefanya nini."

Alipangusa mdomo wa kikombe kwa kidole gumba, akanitazama kama anavyotazama mbuzi aliyekosa mnunuzi. "Basi mwambie wewe mwenyewe kwamba haendi. Mimi nimempa ruhusa. Mume wake amempa ruhusa. Umebaki wewe."

Hivyo ndivyo jambo lile lilivyoniangukia. Dada yangu anafundisha katika chuo kikuu hapa Garissa, na wakati ule alikuwa akitafuta shahada ya uzamifu kwa utafiti wa ugonjwa wa kiwele cha ngamia. Alihitaji maziwa kutoka maboma ya mbali, yachukuliwe jioni ngamia wanaporudi, yalazwe kwenye barafu, yapimwe maabara. Kwetu mwanamke haendi safari ya kulala bila mume wake au mahram, yaani mwanamume wa damu yake asiyeweza kumuoa: baba, kaka, mjomba, mwana. Mume wake ni mwalimu Mandera. Baba amefariki. Mwana alikuwa bado ananyonya. Mimi nikikataa, utafiti umekwama, na atakayekwama si mimi.

Alikuwa amekwama tayari. Mara ya kwanza alikuwa mjamzito na hospitali ikamkataza barabara mbovu. Mara ya pili abti yetu, ndugu wa mama, alikubali kumsindikiza, kisha siku ya safari akasema kuna mnada wa ng'ombe hawezi kuukosa. Wakati huohuo mwenzake wa ofisi moja, mwanamume wa mjini kwetu ambaye walianza pamoja, alikuwa akitupa godoro nyuma ya gari na kwenda. Hakuaga mtu. Alilala popote, chini ya lori, kwenye mkeka wa wafugaji, akala walichokula, akarudi na chupa zake. Alikuwa ameshamaliza. Jina lake lilikuwa kwenye majarida, na alikuwa amepanda ndege zaidi ya mara moja kwenda kuisoma kazi yake mbele ya watu.

Si mtu mbaya. Alikuja nyumbani kunywa chai kabla ya safari yetu, akaketi na miguu imenyooka kama mtu wa nyumba ile.

"Abaayo, dada yangu, nipe hizo chupa," alimwambia dada. "Mimi natelemka huko karibuni. Nitakuchukulia, nitakuletea hadi mlangoni."

"Na jina?"

"Jina lako litakuwepo."

"La ngapi?"

Alicheka. "La pili si baya. Kuna watu hawana hata la pili."

Dada alimwongezea chai, hakucheka. Alipoondoka aliniambia kilichobaki, huku akimgeuza mtoto bega hadi bega. Kamati ya chuo ingekaa mwezi ule. Akifika mbele yao bila maziwa aliyoyachukua mwenyewe, nafasi yake ya masomo angepewa mwingine, na mkataba wake wa kufundisha ulifungwa kwenye nafasi hiyohiyo.

"Sasa wewe unaogopa?" aliniuliza.

"Naogopa."

"Sawa. Mimi pia. Lakini unakuja?"

Nilisema ninakuja. Nilikuwa natafuta njia ya kusema hapana na sikuiona.

Kulikuwa na tatizo jingine, na hili tulilijua kabla hatujaondoka. Ngamia hakamuliwi na mwanamke. Ng'ombe ndiyo, mbuzi ndiyo, lakini ngamia ni wa wanaume. Mwanamke hupokea maziwa yakiwa tayari ndani ya chombo, na kuanzia hapo ni yake, ayachachue, ayauze, awape watoto. Lakini maziwa ya chombo hayamfai dada. Yeye alitaka ya kila chuchu peke yake, mikono ikiwa safi, chuchu imepanguswa kwa spiriti, na michirizi ya kwanza imetupwa, kwa sababu hiyo ya kwanza hubeba uchafu wa nje na kudanganya maabara. Kwa hiyo alijaza glavu maji, akaitoboa vidoleni kwa sindano, akaitundika kwenye kamba ya nguo uani, akanifundisha kuikamua. Mama alitutazama kutoka jikoni akasema ameona mengi katika maisha yake lakini hajaona ngamia wa mpira.

Nilicheka naye. Usiku nilikuwa naota barabara.

Tuliondoka alfajiri na gari la kukodi, dereva mbele na mimi pembeni yake, dada nyuma na mtoto na kisanduku cha barafu. Dereva alikuwa mtu wa maneno mengi mpaka lami ilipokwisha. Kuanzia hapo mabomu hufukiwa njiani. Alitafuta alama za magurudumu ya gari lililotangulia na kuweka yetu juu yake, hasa juu yake, na kila alama zilipopotea kwenye mchanga alipunguza mwendo hadi nikasikia mtoto akivuta pumzi nyuma. Mahali pamoja palikuwa na rundo la mavi ya punda katikati ya njia. Lilikuwa mavi ya punda tu, nina hakika sasa. Alisimama, akalitazama kwa muda, akarudi nyuma, akazunguka kwa porini, miiba ikikwaruza milango.

"Punda anatembea peke yake siku hizi?" alisema.

Nilikuwa nimeshika mkono wa mlango kana kwamba kuna kitu ningefanya nao.

Tulipumzika Kotile. Hapo ndipo nilipozaliwa, na kila ninaporudi hujaribu kuipata ile Kotile ya utotoni mwangu na kukuta kipande tu: harufu ya mavi ya ng'ombe yaliyokauka, vumbi la rangi ileile. Mama alikuwa na ng'ombe hapo. Alikuwa akikamua kabla jua halijawa kali huku akiwaimbia, na mimi niliamini ng'ombe hutoa maziwa kwa sababu ya wimbo. Tulipohamia Garissa nilimaliza kidato cha nne, nikashika njia, na tangu hapo sijakaa mahali hadi godoro likapata umbo langu. Ukame ulikuja mara baada ya mara na watu wa pande hizi za Ijara waliokuwa wa ng'ombe wakaanza kununua ngamia, maana ngamia huvumilia. Dada alinieleza hapo, akinyonyesha chini ya kivuli cha gari, kwamba hilo ndilo alilotaka kulijua: watu wapya kwa ngamia, magonjwa ya kiwele wasiyoyazoea, na wanawake ambao zamani wangegusa kiwele na kuhisi uvimbe mapema, sasa wamesimama nje ya ua.

"Mwenzako hakuandika hilo?" nilimuuliza.

"Angelijuaje? Yeye alikuwa ndani."

Mbele ya Kotile polisi walitusimamisha. Askari kijana, mtu wa bara, aliinama dirishani akatazama kitambulisho changu, kisha cha dada, kisha kisanduku.

"Nani daktari?"

"Yeye," nilisema.

"Na wewe?"

Sikujua niseme nini. "Mimi kaka yake."

Alitazama barabara tunayoiendea, akaturudishia vitambulisho. "Msiendeshe kukiwa na giza," alisema. "Huko watu wa msituni wanapita. Mkichelewa laleni mlipo." Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha.

Boma lilikuwa nje ya mji wa Hulugho, ndani kidogo ya vichaka. Mwenyeji wetu, mzee mwenye ndevu nyekundu za hina, alinishika mkono kwa mikono yake miwili na kuniita daktari. Nilimwambia daktari ni dada yangu. Alikubali kwa kichwa, akageuka kwangu tena akaniuliza daktari anakunywa chai ya sukari nyingi au kidogo. Ikawa hivyo mchana wote. Dada akiuliza, mzee ananijibu mimi. Ngamia gani aliugua? Mzee ananitazama, ananieleza mimi, na mimi nafumba na kufumbua macho. Dada anaandika. Hakuuliza idadi ya ngamia, maana mali haihesabiwi mbele ya mgeni, na niliona mzee ameliona hilo na limempendeza. Lakini hakumtazama.

Vijana wa pale walikuwa na bunduki zao, za kulinda mifugo, zimeegemezwa kwenye mti kama fimbo. Mmoja aliniambia kwamba siku chache nyuma waliona nyayo za viatu wasivyovijua karibu na kisima. Alisema kama anayenipa habari za mvua. Kuanzia hapo kila kichaka kilikuwa na umbo la mtu.

Jua liliposhuka ngamia wakarudi. Nimeishi na malori, na bahari, na miji ya watu, na bado sijazoea ngamia akiwa karibu. Ni mrefu mno, na jicho lake linakutazama kutoka juu kana kwamba limeshaamua. Dada alimwomba mzee, kupitia kwangu, aingie asimame kando ya kiwele, aguse chuchu tu, kijana wao akamue.

"Hapana," mzee alisema, bila hasira. "Kaka yake yupo. Amwelekeze, akamue yeye."

"Adeer, amefundishwa nusu siku," dada alimwambia mzee kwa heshima.

"Ngamia ni mnyama wa kufundishwa nusu siku?" mzee aliniuliza mimi, na vijana wakacheka.

Kwa hiyo niliingia. Dada alibaki nje ya ua wa miiba, mtoto mgongoni, akinielekeza. Kijana alimleta ndama anyonye kidogo ili mama aachie maziwa, akamvuta pembeni. Nilipangusa chuchu kwa spiriti. Ngamia aliusikia ugeni wa mikono yangu kwenye ngozi yake, akasogeza mguu, nami nikasogea naye. Kisha nilikamua ule mchirizi wa kwanza, ambao ni wa kutupwa.

Kwetu maziwa hayamwagwi chini. Sijui niliambiwa lini, labda kabla sijajua kusema. Wale wanaume wote walikuwa wamesimama wananitazama, watu waliozika ng'ombe wao kwa ukame, na mimi nilikuwa karibu kumwaga maziwa mavumbini mbele yao. Mkono wangu ulifanya kabla ya akili. Niliyakinga kwa kiganja, nikasema Bismillahi, nikayanywa. Kisha nikajaza chupa kwa mkono uleule.

Mzee aliguna kwa kuridhika. Nilifurahi. Nikaenda chuchu ya pili nikafanya vilevile, nikakinga, nikalamba, nikajaza. Nilikuwa nimehamia ngamia wa pili niliposikia sauti ya dada, ya chini kabisa, ikiniita kaka kwa Kisomali.

"Aboowe. Njoo hapa."

Nilisogea kwenye ukingo wa ua. Alikuwa amekunja midomo.

"Umelamba?"

"Siwezi kumwaga mbele ya hawa watu."

"Umelamba mkono, kisha umeshika chuchu?"

Nikaelewa. Alizichukua zile chupa kupitia kwenye miiba, akazitazama moja moja, akaziweka chini mchangani badala ya kwenye barafu. Zilikuwa na mate yangu. Maabara ingepima mdomo wangu.

"Rudia," alisema, kisha akatazama ngamia, na jua, na mikono yangu. "Hapana. Utamwaga ukiwa unaogopa na utakosea kitu kingine."

"Tulale, tuchukue kesho."

"Dereva anaondoka alfajiri. Amesema kesho hakai hata kwa dhahabu." Hilo lilikuwa kweli, nilimsikia mwenyewe, na moyoni nilikuwa upande wake.

Sijawahi kumwona dada akilia kwa sababu ya kazi na hata pale hakulia. Lakini alimshusha mtoto mgongoni polepole sana, kama mtu anayeshusha kitu kinachomwagika, na mimi nilijua anachotaka kufanya, na nikaogopa kuliko nilivyoogopa barabarani. Barabarani ningekufa tu. Hapa nilikuwa mahram wake. Akiingia bila ruhusa kwenye ngamia wa watu wenye bunduki, jambo litakalofuata ni langu kulijibu.

"Usiingie," nilimwambia.

"Unanikataza?"

Nilifungua mdomo. Neno moja tu lingetosha, na angelitii. Adeer alinipa neno hilo pamoja na safari. Mzee alikuwa ametukaribia. Sijui alikuwa amesikia kiasi gani. Alizitazama zile chupa mchangani, akamtazama dada, mara ya kwanza tangu tufike. Kisha akazungumza Kiswahili, lugha ambayo vijana wake hawakuijua vizuri na yeye mwenyewe aliivunjavunja.

"Mimi na hii fijana tunaenda swali Maghrib. Kibla iko kule." Alionyesha kaskazini, mbali na ua. "Mgongo hana macho."

Akanigeukia. "Wewe beba mtoto. Utaswali nyuma yetu, baadaye. Bole bole."

Akaita watu wake. Walitia udhu kwa maji ya birika, wakapanga safu kwenye uwanda ulio mbele, wakatugeuzia migongo. Mke wake, ambaye mchana kutwa alikuwa akituletea chai bila neno, alikuja na kikombe cha bati mkononi akapita pembeni yetu akaingia ndani ya ua. Dada alinipa mtoto, akavaa glavu, akamfuata.

Nilisikia mzee akianza kusoma. Maghrib si swala ndefu, na watu wa porini huisoma kwa sura fupi kwa sababu giza linakuja na mifugo inasubiri. Baada ya Alhamdu nilingoja sura fupi. Alichukua ndefu. Aliisoma taratibu, akivuta kila neno, na nikamwona kijana mmoja kwenye safu akihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine.

Ndani ya ua yule mama alimshika ndama, akamleta, akamtoa. Alikinga ile michirizi ya kwanza kwa kikombe chake, tone halikugusa ardhi, na dada akajaza chupa, akafunga, akabadili glavu, akaenda ngamia mwingine. Hawakusemezana. Mikono yao ilizungumza. Niliona yule mama akishika kiwele cha ngamia mmoja kwa kiganja kizima, akakaa hivyo, na uso wake ukabadilika, akauvuta mkono wa dada akauweka palepale. Walitazamana. Dada akachukua chupa ya chuchu ile mara mbili.

Mtoto alianza kulalamika. Alisikia harufu ya mama na hakumwona. Nilimtikisa, nikamwekea kidole mdomoni, nikamwomba Mungu kwa sauti isiyotoka kwamba asilie, maana kilio kingegeuza shingo moja, na shingo moja ilitosha. Mzee alirukuu. Alisujudu, akakaa kwenye sijda muda mrefu. Ngamia mmoja alirusha mguu na nikaona dada akiyumba, kifuniko cha chupa kikianguka. Hakupiga kelele. Mtoto akatapika maziwa begani mwangu, akanyamaza.

Walipotoa salamu, kulia na kushoto, dada alikuwa nje ya ua akifunika kisanduku na yule mama alikuwa akielekea jikoni na kikombe chake. Mzee hakugeuka mara moja. Alibaki ameketi akihesabu tasbihi kwa vidole, na vijana, kwa adabu, wakabaki naye. Mimi na dada tuliswali upesi kabla wekundu haujatoka mbinguni, na sikumbuki nilichosoma.

Kurudi alfajiri kulikuwa kama kwenda, isipokuwa sasa kulikuwa na kitu cha kupoteza. Dada alikalia kiti cha nyuma na kisanduku mapajani na mtoto juu ya kisanduku. Nilishuka Garissa nikiwa na maumivu ya mkono kwa kushika mlango. Nilidhani hofu imekwisha.

Kamati ilikaa. Nilikuwa ndani ya ukumbi kwa sababu ya mtoto: alikuwa hakubali chupa, na dada hakuweza kujua kikao kitachukua muda gani, kwa hiyo nilikaa safu ya mwisho naye, mwanamume pekee mwenye kitambaa cha matapishi begani. Wasomi wengine pale walikuwa na watoto pia. Nilijua, nilikuwa nawafahamu. Watoto wao walikuwa nyumbani.

Dada alizungumza vizuri. Kiingereza chake kilikuwa shwari, picha zake zilikuwa wazi, na alipofika kwenye ngamia yule ambaye uvimbe wake haukuonekana kwa macho lakini maabara ilikuta ugonjwa, wazee wa meza ya mbele waliinua vichwa. Kisha mwenyekiti, mtu mzima mwenye miwani, aliuliza swali ambalo naamini halikuwa na ubaya.

"Haya maziwa yalichukuliwa na nani? Maana tunajua desturi za huko."

Nyuma yangu, ukutani, walikuwa wamesimama wanafunzi kutoka pande za Ijara. Niliwajua kwa lafudhi yao. Yule mwenzake dada, aliyekuwa ameketi kando ya meza, alimwona akisita, akataka kumsaidia. Naamini alitaka kumsaidia.

"Kaka yake alisafiri naye," alisema, akinionyesha. "Nadhani yeye ndiye aliyekamua, chini ya usimamizi wake."

Nyuso zote ziligeuka kwangu. Mtoto aliwatazama. Dada angekubali kwa kichwa tu, na mambo yangeisha kwa heshima: heshima yake, ya mzee, ya adeer, yangu. Lakini chupa zingekuwa zimechukuliwa na mtu wa kidato cha nne aliyejifunzia kwenye glavu, na kila dada alichokisema kingeanza kuchakaa. Niliona akinitazama, na nilitamani, Mungu anisamehe, akubali kwa kichwa.

"Hapana," alisema. "Nilichukua mimi. Zote."

"Na wenye ngamia walikubali?" mwenzake aliuliza.

"Walikuwa wanaswali."

Watu walicheka. Mwenyekiti alicheka pia, akaandika kitu. Nyuma yangu hakuna aliyecheka. Nilisikia mmoja akisema taratibu kwa Kisomali, "Wanaswali, na huyu anaingia," na mwingine akatoa simu.

Kamati ilimpitisha. Walimwambia kazi ni nzuri, abaki nayo, sasa alete maziwa ya msimu wa mvua ili alinganishe na ya kiangazi, na bila hayo ya mvua haiwezi kuitwa kazi kamili. Alishukuru. Watu walimpa mkono. Tulitoka nje kwenye jua kali, tukasimama chini ya paa la gereji, akamchukua mtoto kumnyonyesha ndani ya shela yake, na kwa mkono mwingine akatoa simu.

"Unampigia nani?"

"Mzee. Asisikie kwa mtu mwingine."

Nilimwomba asubiri. Nilimwomba kwa adabu, kisha bila adabu. Alibonyeza na kuweka sauti nje.

Alimsalimia, akauliza watu wa nyumbani, mifugo, mvua. Kisha akasema, "Adeer, leo wameniuliza mbele ya watu. Nimesema nilichukua mimi."

"Umenitaja?" mzee aliuliza. Alikuwa anazungumza Kisomali, kwa sauti ya mtu aliyesimama na watu karibu.

"Sikukutaja."

"Huku watajua ni boma gani. Siku hiyo gari lilikuja moja tu."

"Ndiyo, adeer. Nisamehe kwa hilo."

"Yule ngamia?"

Dada aliniangalia. "Ana ugonjwa, adeer. Huyo mama wa nyumbani kwako ndiye aliyeuona kabla yangu. Nitatuma dawa na maelezo kwa gari la wiki hii. Maziwa yake msiwape watoto."

"Sawa," mzee alisema. Alikohoa. "Sasa sikiliza, binti yangu. Usije huku. Msimu huu usije."

"Na ule mwingine?"

Simu ilikuwa imekatika. Dada aliitazama kidogo, akairudisha kwenye mkoba. Yule mwenzake alitupita akielekea gari lake, akasimama, akasema kwa ukunjufu kwamba mvua ikinyesha yeye atakuwa upande ule, maboma yote yanamjua, dada ampe chupa tu. Dada alimshukuru akasema atamwambia. Tulimtazama akiondoka, kiwiko nje ya dirisha.

"Mvua hainingoji," dada alisema.

"Najua."

"Wajir kuna ngamia wengi kuliko huku. Wewe umekaa Wajir. Una watu huko wa kutupokea?"

Nilikuwa nao. Kuna mtu niliyeendesha naye malori miaka kadhaa, ana boma lake kaskazini huko, na ana mama ambaye hunipigia simu kila Idi. Niliifikiria ile barabara. Ninaijua kwa usiku na kwa mchana, ninajua mahali magari yalipoungulia na bado mabati yake yapo, na ninajua pale ambapo abiria waliteremshwa na kuulizwa maswali ya dini, na wengine hawakurudi garini. Mtoto alikuwa ameachia ziwa, amelala, mdomo wazi.

"Ninao," nilisema, na sauti haikutoka vizuri, ikabidi nirudie.